Mtaa Ungekuwa Nchi: Kura ya Eastlands na Siri Yake

Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025, wananchi wa Liechtenstein walichagua wabunge wao 25. Si ajabu msomaji akiwa hakuisikia habari hiyo. Liechtenstein ni kinchi kilichobanwa kati ya Uswisi na Austria, eneo lake ni kilomita za mraba 160 tu, na wakaazi wake wote, wazee kwa watoto, ni kama 40,000. Chama cha VU kilipata viti 10, FBP viti 7, DpL viti 6, na chama cha nne, FL, viti 2. Miezi miwili baadaye Bi. Brigitte Haas akashika uwaziri mkuu, mwanamke wa kwanza kufika hapo tangu nchi ile iwe nchi.

Nilipoitaja habari hii barazani hapa Pumwani, palipo na kahawa chungu na maneno mengi, wenzangu walicheka. Mmoja akauliza, "Ati hiyo ni nchi au ni wadi?" Nilicheka nami, lakini swali lile halikuniondoka. Kwa hakika ni swali zuri kuliko muulizaji alivyodhani, na leo nataka kulijibu mbele ya wasomaji.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 4,397,073 katika Nairobi. Jiji hili lina wadi 85. Ukigawa, kila wadi itapata wastani wa watu zaidi ya 51,000. Maana yake ni kuwa wadi ya kawaida ya Nairobi, ile inayompeleka mwakilishi mmoja katika Bunge la Kaunti, ina watu wengi kuliko Liechtenstein yote, na inaipita pia San Marino, jamhuri iliyozungukwa na Italia, ambayo watu wake hawafiki 35,000 na ambayo ina baraza la wajumbe 60. Kamukunji peke yake, yaani Pumwani, Eastleigh, California na Airbase, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 268,000. Hizo ni Liechtenstein zaidi ya sita. Na kwetu Pwani, kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, ingetoa Liechtenstein tatu na ikabakiwa na chenji.

Basi jibu la yule mwenzangu ni hili: ile ni nchi, na sisi ni wadi, lakini mtaa wetu ndio mkubwa. Tofauti haiko katika idadi ya vichwa. Tofauti ninayotaka kuieleza iko katika namna kura inavyolindwa mahali ambapo watu wanajuana.

UDOGO NA MACHO YA WATU

Udogo una neema zake na una balaa lake. Neema ni kuwa mgombea hawezi kujificha. Utakutana naye sokoni, msikitini au kanisani, kwenye arusi na kwenye mazishi. Balaa ni kuwa nawe mpiga kura huwezi kujificha. Akitaka kujua ulimpa nani, atakuwa na njia mia za kulijua, na akishinda au akishindwa mtaendelea kuishi pamoja. Mtu wa nchi kubwa hupiga kura kisha akapotea katika mamilioni. Mtu wa mahali padogo hupiga kura kisha asubuhi yake akanunua mkate kwa yule yule aliyemnyima.

Waliowahi kuishi katika nyumba za Majengo, vyumba sita vinavyotazamana na ua mmoja, bomba moja la maji na choo kimoja, watanielewa bila maelezo. Katika nyumba ile hata mboga unayopika inajulikana. Kitu pekee ambacho sheria inakuruhusu usijulikane nacho ni alama uliyoitia katika karatasi ya kura.

Udogo pia huifanya kila kura kuwa nzito. Mwaka 2021 huko Liechtenstein vyama viwili vikuu vilipata viti kumi kumi, na asilimia zao zikalingana hadi nukta ya kwanza, 35.9 kwa 35.9. Lakini kwa nini tuende mbali? Wasomaji wa visiwani hawajasahau Januari 1961, Zanzibar ilipofanya uchaguzi na jimbo la Chake Chake likaenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. ASP ikapata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na serikali ikashindwa kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, na ghasia zilizofuata zikaua watu 68. Fikiri, msomaji: kura moja ya mtu mmoja wa Chake Chake. Lau wenzake wangejua ni nani aliyeitia, asingekuwa na pa kulala.

KURA TATU KWA MTU MMOJA

Sasa turudi Eastlands, maana mitaa hii ina historia ya kura ambayo vijana wetu wengi hawakufundishwa.

Mwafrika wa Kenya alipiga kura ya kwanza ya kumchagua mjumbe wake katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Machi 1957. Viti vilikuwa vinane kwa Waafrika wote wa nchi. Pwani ilimpeleka Ronald Ngala, Nyanza ya Kati ikampeleka Oginga Odinga, Bonde la Ufa ikampeleka Daniel arap Moi, Nyanza ya Kaskazini Masinde Muliro, na Nairobi ikampeleka kijana wa miaka 26, Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi.

Lakini yafaa ikumbukwe kura ile ilikuwa kura ya namna gani. Si kila mtu mzima aliruhusiwa. Serikali ya kikoloni iliweka masharti: kiasi cha elimu, kiasi cha mapato au mali, utumishi wa miaka mingi, na mengine kama hayo. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja. Aliyetimiza masharti zaidi aliongezewa, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura tatu. Karani wa Ziwani aliyesoma na mwenye mshahara mzuri alihesabika kama watu watatu. Jirani yake mchukuzi wa gunia katika stesheni ya reli hakuhesabika hata kidogo. Nchi nzima, wapiga kura Waafrika walioandikishwa hawakufika laki moja na nusu, katika taifa la mamilioni.

Tena Nairobi ilikuwa na mkasa wake. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Mwezi Aprili 1954 majeshi yalikuwa yameizunguka mitaa hii katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kupelekwa kizuizini. Waliobaki, ilipofika 1957, hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Kwa hivyo jiji lililokuwa limejaa Wakikuyu lilifanya uchaguzi karibu bila wao, na mapambano makubwa yakawa kati ya Waluo wawili, Mboya na wakili C.M.G. Argwings-Kodhek. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura mia chache tu.

Kura mia chache! Hizo ni hesabu za kinchi cha Ulaya. Kwa idadi ya wapiga kura, Nairobi ya Waafrika ya mwaka 1957 ilikuwa ndogo kuliko Liechtenstein ya leo. Lakini haikuwa ndogo kwa sababu watu walikuwa wachache. Ilikuwa ndogo kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Hapa ndipo nataka msomaji atie alama. Udogo wa Liechtenstein ni wa Mungu na milima. Udogo wa Nairobi ya 1957 ulitengenezwa kwa kalamu.

Na majina ya mitaa yetu yenyewe yanashuhudia jinsi siasa ya wakati ule ilivyokuwa ghali kwa mtu aliyejulikana msimamo wake. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, mtu wa ukoo wa Freretown, Mombasa, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU na ambaye aliuawa Novemba 1952. Mitaa ya Ofafa imepewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliyeuawa mwaka 1953. Kila siku maelfu hupanda matatu za kwenda Mbotela na Ofafa Jericho bila kukumbuka kuwa wanataja majina ya watu waliouawa katika vurugu za siasa, ndani ya mitaa ambamo kila mtu alimjua mwenzake na kila mtu aliulizwa yuko upande gani.

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Miaka minne baadaye, Februari 1961, masharti ya kura yalikuwa yamelegezwa sana na Hali ya Hatari imekwisha. Mboya alisimama tena, safari hii katika jimbo la Nairobi Mashariki, ambalo ndilo Eastlands yetu hii. Mpinzani wake alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, daktari, Mkikuyu, mtu mwenye jina. Wapiga kura wengi wa jimbo lile walikuwa Wakikuyu. Mzee Kenyatta alikuwa angali kizuizini na damu za watu zilikuwa zimechemka. Walioisoma siasa kwa kabila walidhani matokeo yamekwisha kujulikana.

Mboya alipata kura 31,407. Dkt. Waiyaki alipata 2,668.

Wengi wameieleza habari hii kuwa ni sifa ya Mboya, ufasaha wake katika uwanja wa Makadara, na jinsi chama chake cha People's Convention Party kilivyojipanga mtaa kwa mtaa. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi naongeza jambo moja ambalo halisemwi sana. Yule Mkikuyu wa Bahati au wa Shauri Moyo aliyemchagua Mjaluo dhidi ya mtu wa kabila lake aliweza kufanya hivyo kwa sababu aliingia kituoni peke yake. Ndugu zake walikuwa nje. Huenda aliwaambia hivi, akafanya vile, na hakuna aliyeweza kumwuliza. Siri ya kura ilimpa nafasi ya kuwa mtu wa mtaa kabla ya kuwa mtu wa ukoo.

MLOLONGO

Sasa tazama tulivyofanya tulipoipata nchi mikononi mwetu.

Mwezi Agosti 1986 mkutano wa wajumbe wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati ule, uliamua kuwa wagombea ubunge wateuliwe kwa wanachama kupanga foleni nyuma ya mgombea wao au mwakilishi wake au picha yake. Wananchi wakauita mlolongo. Wachungaji wa Baraza la Makanisa walipinga mapema. Wakili na mchungaji, mwenye duka na daktari, walisema, hawezi kupanga foleni hadharani nyuma ya mtu mmoja na kesho akawahudumia wote. Hawakusikilizwa. Februari 1988 mlolongo ukapangwa Kenya nzima. Kanuni ilikuwa kwamba aliyepata asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa amekwisha kuwa mbunge, hapana haja ya sanduku. Waliokosa kiwango hicho ndio waliokwenda kwenye kura ya siri mwezi Machi.

Mimi nilikuwa Eastlands wakati huo, kijana mpangaji wa chumba kimoja, na nilipanga foleni katika uwanja wa shule ya mtaani. Nitasema nilichokiona. Foleni zilikuwa mbili zenye watu na ya tatu ya watu wachache wasiofika ishirini. Katika ile ndefu walisimama wachuuzi waliokuwa na vibanda vya leseni, na wapangaji wa nyumba za mtu mmoja mwenye uwezo. Mtu wake alikuwa ametembea baina yetu tangu asubuhi akiwa na daftari. Hakumtisha mtu, hakumpiga mtu. Aliandika tu. Nilimwona mama mmoja muuza mandazi akitoka foleni fupi, akaifunga leso yake vizuri, akaenda kusimama katika ile ndefu bila kututazama. Mimi nilibaki katika ile fupi. Mwisho wa mwezi kodi yangu ikapandishwa, na jirani ambaye tulikuwa tukikopeshana mafuta ya taa akaacha kuitikia salamu yangu kwa muda wa mwaka mzima.

Wala sikuhesabu hayo kuwa mateso, maana wako waliopata makubwa. Nayataja kwa sababu moja: mlolongo haukuharibu hesabu ya kura peke yake, uliharibu ujirani.

Na hesabu nayo iliharibika, kwa njia nyepesi kabisa. Karatasi za kura, hata zikiibiwa, huacha alama. Unaweza kwenda mahakamani ukaomba sanduku lifunguliwe na kura zihesabiwe upya. Lakini mlolongo ukishavunjika umekwisha. Watu wamekwenda zao kupika. Aliyetangaza kuwa foleni fupi ndiyo ndefu, nani atamrudisha? Huwezi kumwita hakimu akahesabu vumbi la uwanja. Ndivyo vilio vya mwaka 1988 vilivyokosa ushahidi katika sehemu nyingi za nchi. Hapa Nairobi, Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa jiji hili, alikipoteza kiti cha Starehe mwaka huo, na wengi hawakuyaamini matokeo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mei 1990 Rubia na Kenneth Matiba wakadai hadharani mfumo wa vyama vingi. Mwezi Julai wakawekwa kizuizini, na tarehe 7, siku ya Saba Saba, watu wakaelekea uwanja wa Kamukunji, hapa hapa Eastlands, na wakakutana na polisi. Mwisho wa mwaka huo KANU yenyewe, baada ya kamati ya Prof. George Saitoti kuzunguka nchi ikisikiliza wananchi, ikakubali kuufuta mlolongo na ile kanuni ya asilimia 70. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikaondolewa katika Katiba. Tukarejea kwenye karatasi na sanduku.

HOJA YA WALIOUTETEA

Haifai kuhukumu bila kumsikiliza wa upande wa pili. Waliotetea mlolongo walikuwa na hoja, na hoja yao bado ina wafuasi. Walisema: Mwafrika hana haja ya kujificha, mambo yake huamuliwa chini ya mti mbele ya watu; foleni ni rahisi, haina gharama ya karatasi, na kila mtu anaona kwa macho yake nani mwenye watu. Hata leo, msimu wa mchujo wa vyama unapofika na masanduku yanapogombaniwa, nimewasikia watu wazima wakisema afadhali mlolongo urudi.

Na Ulaya wangeweza kupata ushahidi. Jirani kabisa na Liechtenstein, huko Uswisi, yako majimbo mawili madogo, Glarus na Appenzell Innerrhoden, ambako mpaka leo wananchi hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka, kama ulivyo mila yao ya karne nyingi, wakaamua mambo kwa kunyosha mikono. Hakuna anayesema watu wale ni watumwa.

Lakini tuutazame ushahidi huo mpaka mwisho. Huko Appenzell Innerrhoden, wanaume waliokuwa wakinyosha mikono uwanjani walikataa mara kwa mara kuwapa wanawake kura, hata mahakama kuu ya Uswisi ikawalazimisha mwezi Novemba 1990. Huenda walikuwamo waliotaka kukubali, ila mkono wa kumpa mkeo kura ni mzito kuunyosha wakati shemeji, tajiri wako na wazee wa kijiji wanakutazama. Linganisha na Liechtenstein, ambako wanaume waliulizwa jambo lile lile kwa karatasi ya siri tarehe 1 Julai 1984. Huko nako walikuwa wamekwisha kukataa hapo nyuma. Safari hii 2,370 walikubali na 2,251 wakakataa. Tofauti ilikuwa kura 119. Miaka arobaini na moja baadaye mwanamke ni waziri mkuu.

Wala sisi wa Pwani tusijione wageni katika mambo hayo. Katikati ya miaka ya 1950, wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walipoona kuwa kura imepewa wanaume wa jamaa zao na wao wameachwa, waliandika maombi kwa serikali wakaidai. Walikuwa wanawake wa buibui, wengi wao wasiotoka mchana, lakini walijua kuwa kura ni neno ambalo mtu anaweza kulisema bila kuinua sauti barabarani. Kabla ya uhuru walikuwa wameipata. Je, wanawake wale wangeipanga milolongo uwanjani, wakitazamwa na wanaume wa mji mzima? Siri ya kura ndiyo iliyoifanya kura yao iwezekane bila mtu kuvunjiwa heshima yake.

Kwa hivyo jibu langu kwa watetezi wa mlolongo ni hili. Kunyosha mkono hadharani humfaa mtu asiyemtegemea mwenziwe kwa chochote: mwenye shamba lake, nyumba yake na ng'ombe wake. Eastlands hatuko hivyo. Hapa kuna mwenye nyumba na mpangaji, mwenye leseni na mwenye kuitafuta, mwajiri na kibarua wa siku. Ukimwambia mpangaji asimame hadharani nyuma ya amtakaye, hukumpa uhuru, umempa mtihani. Na yule anayesema hana cha kuficha, mara nyingi ndiye asiye na cha kupoteza.

WADI YA LEO

Katiba ya mwaka 2010 imeliandika jambo hili waziwazi: kila raia mtu mzima ana haki ya kupiga kura kwa siri. Katiba hiyo ndiyo pia iliyoleta kaunti na bunge zake, na tangu 2013 kila wadi imekuwa na mwakilishi wake. Huyu ndiye karibu nasi kuliko wote. Zahanati, soko, taa za njia, mtaro wa maji machafu, fedha za karo kwa watoto wa maskini, mengi ya hayo hupita katika bunge analokaa yeye.

Hata hivyo, ni huyo huyo tunayemchagua kwa kumfanyia mzaha. Tunakesha kubishana juu ya urais, kisha tunaitia karatasi ya wadi alama kwa jina la chama, au kwa pakiti ya unga na leso. Na ndipo siri inapoingiliwa upya, bila mlolongo. Leo hakuna haja ya mtu wa daftari. Mnunuzi wa kura anaweza kumwambia kijana aipige picha karatasi yake kwa simu, ndipo alipwe. Mwingine atamwambia bibi mzee ajifanye hajui kusoma, ili asaidiwe kwa sauti mbele ya mawakala. Akikubali, foleni ya 1988 imepangwa tena, ya mtu mmoja mmoja, ndani ya kibanda kile kile kilichowekwa kumkinga. Sheria inakataza kuivunja siri ya kura, na wa kwanza kuilinda ni mwenyewe mpiga kura.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja wa Umoja, "Mzee, kama nimekula fedha ya mtu kisha nikampigia mwingine, si nimedhulumu?" Nilimjibu kuwa dhuluma ilitangulia siku ile fedha zilipotolewa. Hongo haigeuki kuwa deni la haki kwa kupokelewa, na lililo bora ni kutoipokea. Kura ni amana, na amana hiyo si ya mnunuzi. Ni ya watoto watakaoruka mtaro ule ule kwa miaka mitano.

Sidai kwamba Liechtenstein ni pepo. Ni nchi ya matajiri, ina mtawala wa ukoo wa kifalme mwenye madaraka makubwa, na wanawake wake walingoja kura hadi 1984, wakati wa kwetu walikuwa wamekwisha kuipiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Tuna ya kuwafundisha pia. Ila moja tulichukue kwao: watu 40,000 wanaojuana kwa majina wameweza kuchagua serikali, kuwaondoa waliokuwapo, na kesho yake kuuziana mkate bila mtu kumwuliza mwenziwe alimpa nani. Hawakuweza kwa sababu ni Wazungu, bali kwa sababu karatasi haisemi.

Pumwani, Makongeni, Maringo, Umoja: kila moja ya wadi hizi ina watu wa kutosha kuwa nchi. Hazihitaji bendera. Zinahitaji mkaazi wake, siku ile ikifika, aiache simu yake mfukoni, aingie kibandani peke yake, na akitoka asimwambie mtu neno. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wahenga, na jirani huyo tutabaki naye kwa kutomwuliza alichokiandika.